Una Jino la Ziada? Tulia, Usilivute na Uzi

Mtoi huwa na meno 20 ya utotoni, mtu mzima 32. Likizidi hapo, hilo ni jino la ziada. Si laana wala kurogwa: tishu inayounda meno ilipiga ovataimu tu, na mara nyingine hali hii hufuata familia. Maboy huipata kuliko madem.

Linaloonekana sana huota kati ya meno mawili ya mbele, juu, dogo na limechongoka. Noma ni lile lililojificha ndani ya ufizi, maana linaweza kuzibia jino la kudumu njia. Jino moja la mbele likitoka na mwenzake akose kwa zaidi ya miezi sita, shuku.

Daktari hupiga eksirei kwanza. Kama halisumbui, huachwa na kuangaliwa mara kwa mara. Kama linaziba au kusukuma mengine, hung'olewa kwa ganzi, kisha waya hunyoosha yaliyopinda.

Wasee wa Kasikeu, Hospitali ya Rufaa ya Makueni iko Wote. Ukivuta nyumbani bila eksirei, unaweza kung'oa jino la kudumu, na hilo halioti tena.