Asili na Maendeleo ya Timu ya Skii ya Chuo cha Dartmouth

Chuo cha Dartmouth kiko katika mji wa Hanover, jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki ya Marekani, nacho kiliasisiwa mwaka 1769. Majira ya baridi huko ni marefu, na kwa zaidi ya karne moja wanafunzi waliyahesabu kuwa mashaka ya kuvumiliwa kando ya meko. Mwaka 1909 mwanafunzi Fred Harris aliandika barua katika gazeti la chuo, akashauri kiundwe chama cha kuwatoa wenzake nje, watembee na kuteleza juu ya theluji. Chama kikaundwa, na ndani yake ikazaliwa timu ya mashindano. Yafaa ijulikane mapema kwamba Harris hakukusudia kulea mabingwa wachache. Alitaka kila mtu atoke.

Neno skii ni la Kinorwe, na asili yake ni kipande cha mti uliopasuliwa. Slalomu nayo, yaani mbio za kupinda baina ya vijiti vya bendera, imetoka huko huko. (Waswahili walitwaa theluji kwa Waarabu na barafu kwa Waajemi, ingawa kwa Waajemi barafu ndiyo hiyo theluji.) Lakini mchezo wenyewe ulikuja Dartmouth kwa njia mbili. Kwa Wanorwe zilitoka mbio za masafa na kuruka. Mbio za mteremko zilitoka katika milima ya Alps, na hizi ndizo zilizokipatia chuo jina. Katika mlima wa Moosilauke ilifanywa mbio ya mteremko mwaka 1927, na mwaka 1933 mlima huo huo ukapokea mashindano ya kwanza ya mteremko ya taifa la Marekani.

Walimu waliitwa kutoka Ulaya. Mmoja wao alikuwa Otto Schniebs, Mjerumani, aliyeanza mwaka 1930. Akafuata Walter Prager, Mswisi, mwaka 1936, aliyekwisha kuwa bingwa wa dunia wa mteremko mwaka 1931 na tena mwaka 1933. Hata Dick Durrance, mwanafunzi hodari kuliko wote wa siku zile, alikuwa Mmarekani aliyejifunza mchezo huo utotoni huko Ujerumani. Naye alishindana katika Olimpiki ya 1936, ya kwanza kuwa na mbio za mteremko na slalomu.

Vita vikakatiza mambo. Mwaka 1941 jeshi la Marekani lilipoanzisha kikosi cha milimani, askari wa kwanza kuripoti alikuwa Charles McLane, aliyekuwa nahodha wa timu ya Dartmouth. Prager naye akaingia jeshini, katika divisheni ya milimani iliyopigana Italia mwaka 1945.

Mashindano rasmi ya ubingwa wa vyuo vyote yalianza mwaka 1954, na hapo ndipo palipozuka suala gumu. Chuo Kikuu cha Denver, chini ya mwalimu Willy Schaeffler, kilitwaa ubingwa miaka minne mfululizo, na miongoni mwa wachezaji wake walikuwamo Wanorwe waliokomaa katika mchezo kabla hawajafika chuoni. Je, hiyo ni timu ya wanafunzi? Wapinzani waliuliza, na si bila haki. Ila ingekuwa vigumu kwa Dartmouth kulalamika sana, maadamu elimu yake yenyewe ilikuwa ya kuazima kutoka Ulaya. Dartmouth ilishinda mwaka 1958, mwaka mmoja baada ya Prager kuondoka. Aliyepanda hakuwapo wakati wa mavuno.

Mwaka 1976 Dartmouth na Colorado ziligawana ubingwa. Kuruka, uliokuwa mchezo wa fahari kupita yote, kuliondolewa katika mashindano ya vyuo baada ya 1980, na jukwaa la kurukia la Hanover likabomolewa mwaka 1993. Hasara hii haikutajwa sana, kwa kuwa badiliko jingine lilikuwa kubwa zaidi. Dartmouth ilianza kuwapokea wanawake kuwa wanafunzi wake mwaka 1972, na tangu 1983 pointi zao na za wanaume hujumlishwa pamoja katika ubingwa mmoja. Kwa hesabu hiyo Dartmouth ilishinda tena mwaka 2007, ikiwa na timu ya wanaume na wanawake, katika chuo ambacho siku za Harris wanawake walialikwa tu, waje watazame.