Raia tangu mwaka gani? Tarehe za sheria ya uraia na watu wa Masisi

Tuchukue mtoto aliyeletwa Gishari, teritwari ya Masisi, mwaka wa 1938 akiwa na miaka 8. Wazazi wake walitoka Rwanda, na serikali ya Wabeleji ndiyo iliyowaleta. Mwaka wa 1960 sheria ilimruhusu kupiga kura. Mwaka wa 1964 katiba ikamweka katika mashaka. Mwaka wa 1971 akawa Mkongomani, 1972 akabaki Mkongomani, 1981 akanyang'anywa, na 2004 mlango ukafunguliwa tena. Miaka hiyo yote hakuhama. Shamba lake lilikuwa palepale, na makaburi ya wazazi wake palepale.

Tuangalie ni nani aliyekuwa akiandika sheria hizo na alitafuta nini, maana maneno "mgeni" na "mwenyeji" hurudi kwenye mikutano ya siasa kila uchaguzi unapokaribia, na hurudi kwa nguvu zaidi vita inapoanza.

Mpaka wenyewe ni wa zamani. Baada ya mkutano wa Berlin wa 1885, wazungu waligombana miaka mingi juu ya eneo la ziwa Kivu na volkano. Walielewana Brussels mwaka wa 1910: Wabeleji, Wajerumani na Waingereza mezani, na mtu wa huku hata mmoja hakuwepo. Kisiwa cha Idjwi kikaenda upande wa Kongo, Gisenyi upande wa Wajerumani. Katika Bwisha, Rutshuru ya leo, kulikuwa tayari na watu wanaosema Kinyarwanda, wenye mashamba na wakubwa wao. Hao hawakuletwa na mtu. Wanasiasa wengi husahau jambo hilo, au hulisahau kwa makusudi, wanapoweka wote wanaosema lugha hiyo katika kapu moja.

Walioletwa ni wengine. Mwaka wa 1937 Wabeleji waliunda ofisi ya kuhamisha Banyarwanda, iliyojulikana kwa herufi MIB. Rwanda ilikuwa imejaa watu na njaa ilikuwa ikirudi mara kwa mara. Masisi kulikuwa na milima yenye rutuba na mashamba makubwa ya wazungu yaliyokosa wafanyakazi. Hadi kazi hiyo ilipokoma mwaka wa 1955, watu wapata 85,000 walikuwa wameletwa. Ardhi waliyopewa Gishari ilikuwa ya Wahunde. Wabeleji walilipa kidogo, wakaweka mkubwa Munyarwanda juu ya eneo hilo, kisha mwaka wa 1957 wakaufuta utawala huo na kulirudisha chini ya Wahunde. Kwa hiyo, kabla hata ya uhuru, familia mbili jirani zilikuwa na hadithi mbili juu ya kilima kimoja: mmoja anasema serikali ilimpa, mwingine anasema serikali ilimnyang'anya. Wote wawili walisema kweli.

Kisha ikaja 1959. Machafuko ya Rwanda yalisukuma Watutsi wengi kuvuka kuja Kivu, na hao walikuwa wakimbizi kamili, si wahamiaji wa MIB wala wakaaji wa zamani wa Bwisha. Makundi matatu sasa, lugha moja.

Sheria ya uchaguzi ya Machi 1960 iliwaruhusu watu wa Ruanda-Urundi waliokaa Kongo kwa miaka 10 kupiga kura. Kwa viongozi wa Wahunde, hilo lilikuwa hatari ya wazi: Masisi wageni walikuwa wengi, na mwenye kura nyingi ndiye atakayegawa ardhi. Miaka minne baadaye, katiba ya Luluabourg ya tarehe 1 Agosti 1964 iliweka alama nyingine. Raia ni yule ambaye mmoja wa mababu zake alikuwa wa kabila, au sehemu ya kabila, iliyokuwa Kongo kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Hayo maneno "sehemu ya kabila" yaliwafaa watu wa Bwisha. Walioletwa Gishari, wapinzani wao walisema hayawahusu. Wakati katiba hiyo inapigiwa kura, Masisi ilikuwa tayari inawaka. Vita hiyo watu waliiita Kanyarwanda.

Mobutu alikuja na hesabu yake. Alitaka watu wasio na nguvu ya kura nyumbani kwao, wanaomtegemea yeye tu. Kuanzia 1969 mkurugenzi wa ofisi yake alikuwa Barthélemy Bisengimana, Mtutsi mwenye asili ya Rwanda. Amri ya Machi 1971 iliwapa uraia kwa pamoja watu wote wa asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kongo tarehe 30 Juni 1960. Sheria ya tarehe 5 Januari 1972 ikapunguza: awe amefika Kivu kabla ya tarehe 1 Januari 1950. Yule mtoto wa Gishari alipita pande zote mbili. Mkimbizi wa 1959 alipita ya kwanza, akakwama kwenye ya pili.

Uraia ulivutana na ardhi. Mwaka wa 1973 serikali ilitangaza ardhi yote ni ya Dola, na mwaka uleule mashamba ya wazungu yakagawiwa Wazairwa. Masisi, mengi yaliangukia mikononi mwa watu wenye jamaa Kinshasa, wakiwemo wafugaji wakubwa wenye asili ya Rwanda. Mkulima Muhunde alifukuzwa kilimani. Lakini hata mkulima Muhutu, aliyeletwa na MIB kushika jembe, alifukuzwa vilevile ng'ombe walipoingia. Hilo halikusemwa sana majukwaani, kwa sababu lingeharibu hotuba.

Bisengimana aliondoka madarakani mwaka wa 1977, na wabunge wa Kivu wakapata nafasi waliyoingoja. Sheria ya tarehe 29 Juni 1981 ilifuta uraia wa pamoja na kurudisha saa hadi tarehe 1 Agosti 1885: kabila lako liwe lilikuwa ndani ya mipaka ya Kongo siku hiyo. Siku hiyo mpaka wa Kivu ulikuwa bado haujachorwa ardhini. Anayebaki nje aombe uraia mtu kwa mtu, Kinshasa. Vyeti vilivyotolewa chini ya sheria ya 1972 vikatangazwa havina kazi.

Mobutu alitia sahihi, kisha hakuitumikisha kwa ukamilifu. Labda huo ndio ulikuwa mchezo wenyewe: huku akiwaambia wenyeji kwamba sheria ni yao, huku akiwaambia wengine kwamba yeye ndiye anayewalinda. Kila upande ulibaki ukimhitaji.

Mkutano Mkuu wa Taifa ulipofunguliwa Kinshasa mwaka wa 1991, wajumbe Banyarwanda walikataliwa kuingia. Demokrasia ilikuwa inakuja, kila mwanasiasa alihesabu kura, na Masisi hesabu ilitisha pande zote. Machi 1993 mauaji yalianza kwenye soko la Ntoto, Walikale, yakaenea Masisi na Rutshuru. Maelfu waliuawa, na familia nyingi zaidi zilikuwa wahami ndani ya jimbo lao. Wahunde walikimbia Wahutu, Wahutu walikimbia Wahunde, na Watutsi walikimbia pia.

Julai 1994 watu karibu milioni moja walivuka kutoka Rwanda, wengi kupitia Goma, kwa siku chache. Kipindupindu kiliua watu makumi ya maelfu. Kambi za Mugunga, Kibumba, Katale na Kahindo zilijaa, na ndani yake walikuwemo wenye silaha waliofanya mauaji ya kimbari. Malalamiko ya wakaaji wa Kivu wakati huo yalikuwa ya kweli: miti ya Virunga ilikatwa, mashamba yaliibiwa, usalama ulikwisha. Lakini tuangalie bunge la mpito lilifanya nini na malalamiko hayo. Tume iliyoongozwa na Vangu Mambweni ilitoa ripoti, na tarehe 28 Aprili 1995 bunge likapitisha azimio la kurudisha wakimbizi na wahamiaji wote wa Rwanda na Burundi bila masharti na bila kukawia. Mkimbizi wa mwaka jana na mjukuu wa mtu aliyeletwa 1938 waliwekwa kwenye orodha moja. Oktoba 1996 naibu gavana wa Kivu ya Kusini, Lwasi Ngabo Lwabanji, aliwapa Banyamulenge wiki moja waondoke. Wakati huo vita ilikuwa tayari inavuka mpaka. Rwanda na AFDL walipata sababu ya kusema hadharani, na wakambeba Laurent-Désiré Kabila hadi Kinshasa.

Baada ya vita mbili, waliokaa bunge la mpito walikuwa wale wale waliopigana: serikali, RCD, MLC, Mai-Mai, pamoja na wapinzani wasio na silaha. Sheria ya tarehe 12 Novemba 2004 haikutaja 1885 wala 1950. Ilisema raia wa asili ni mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yao walikuwa sehemu ya inchi iliyokuwa Kongo siku ya uhuru. Katiba ya 2006, kifungu cha 10, ikarudia hivyo, ikaongeza kwamba uraia wa Kongo ni mmoja tu na hauchanganywi na mwingine. Mwaka wa 2021 bunge lilipokea pendekezo la Noël Tshiani la kumwachia urais mtu aliyezaliwa na baba na mama Wakongomani peke yake. Halikuwa sheria.

Sheria ya 2004 ina shida ndogo ambayo kwa mhami ni kubwa. Uraia huthibitishwa kwa cheti kinachotoka kwa waziri wa sheria, Kinshasa. Hesabu kamili ya watu ilifanyika mara ya mwisho mwaka wa 1984. Mtu wa kawaida ana karte ya uchaguzi tu, na karte huungua pamoja na nyumba. Aliyekimbia Masisi usiku hana cha kumwonyesha askari kizuizini isipokuwa sura yake na namna anavyosema.

Kwa mtoto aliyezaliwa kambini, sheria ya familia iliyorekebishwa mwaka wa 2016 inatoa siku 90 za kumwandikisha kwenye ofisi ya hali ya raia, bila malipo. Ofisi hiyo haiulizi mababu walifika mwaka gani. Inauliza jina, siku, mahali na wazazi. Siku hizo zikipita, inabidi kwenda tribinali kutafuta hukumu, na njia hiyo inakula pesa na muda.