Farasi Mwenye Upara

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya kutafsiri nilipewa hadithi ya watoto kutoka Kiingereza. Shujaa wake alipanda farasi aliyeelezwa kwa neno moja: piebald. Nusu ya neno niliijua, bald, mwenye upara. Basi nikaandika "farasi mwenye upara" nikaendelea na safari.

Mhariri wetu, bibi mmoja wa Tanga, akaniita mezani kwake. "Mwanangu, huyu farasi kanyolewa na nani?"

Akanirudisha kwenye nusu ya kwanza. Pie ni jina la zamani la ndege ambaye Waingereza sasa humwita magpie: jamaa ya kunguru, mweusi kwa mweupe, mkia mrefu. Jina hilo lilianza kwa Kilatini, pica, likapitia Kifaransa, ndipo likavuka maji kuingia Uingereza. Hiyo Mag iliongezwa baadaye, nayo ni kifupi cha Margaret.

Bald nayo ilinidanganya. Zamani haikuhusu nywele peke yake. Mnyama mwenye baka jeupe usoni naye aliitwa hivyo. Ndiyo maana tai wa Marekani, bald eagle, hana upara hata kidogo. Kichwa chake kimejaa manyoya, ila ni meupe. Mwanasayansi Linnaeus alilielewa hilo: mwaka 1766 alimpa jina la Kigiriki, leucocephalus, yaani mwenye kichwa cheupe.

Kufikia mwisho wa karne ya 16 nusu hizo mbili zilikuwa zimeungana, farasi wa mabaka meusi na meupe akapata sifa yake kutoka kwa ndege.

Bibi akashika pindo la nguo aliyojifunga. "Na hii, kwa nini inaitwa kanga?"

Niliijua hadithi hiyo tangu utotoni. Wazee wa pwani husimulia kwamba katika karne ya 19 wanawake walinunua leso za jora zima kabla hazijakatwa, wakaunga vipande sita kuwa nguo moja. Madoa meupe juu ya rangi nzito yakawakumbusha kanga wa porini.

Nikafuta upara, nikaandika "farasi wa mabaka meusi na meupe." Bibi akapitisha. Maana ilikuwa sahihi, lakini ndege alikuwa ameruka, na mpaka leo sijapata namna ya kumrudisha.