Uganda: Intaneti ilivyobadili biashara na kazi, na gharama zinazoambatana nayo

Kikuubo ni kichochoro chembamba katikati ya jiji la Kampala, kilichojaa maduka ya jumla yanayouza sabuni, sukari, mafuta ya kupikia, vyombo na vifaa vya shule. Bidhaa zinazopita hapo huendelea hadi Arua, Mbarara na Gulu, na nyingine huvuka mpaka kuelekea Sudan Kusini na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Zamani mwenye duka wa mkoani alilazimika kupanda basi usiku, akiwa amefunga fedha taslimu kiunoni, ili anunue mzigo. Siku hizi wengi huagiza kwa kutuma picha kupitia WhatsApp, hulipa kwa simu, na huusubiri mzigo stendi ya mabasi.

Hata hivyo, mwezi Aprili mwaka 2024 wafanyabiashara wa eneo hilo hilo walifunga maduka yao kwa siku kadhaa. Miongoni mwa malalamiko yao makuu ulikuwa mfumo wa kodi unaotegemea intaneti. Teknolojia iliyorahisisha biashara yao ndiyo iliyoiwezesha serikali kuiona biashara hiyo kwa karibu zaidi. Makala haya yanaeleza jinsi Uganda, nchi isiyo na bahari, ilivyofika hapo.

Kutoka setilaiti hadi mkongo wa baharini

Hadi mwaka 2009, Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na ulimwengu wa nje. Huduma hiyo ilikuwa ghali na ya polepole, na waliomudu kuitumia kila siku walikuwa mabenki, mashirika ya kimataifa, vyuo vikuu na wateja wa vibanda vya intaneti waliolipa kwa dakika.

Mwaka huo mikongo miwili ya mawasiliano ya chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, ilifika Mombasa. Mkongo wa EASSy ulifuata mwaka 2010. Kutoka pwani, nyaya za nchi kavu zilipita Nairobi hadi mipaka ya Malaba na Busia, kisha zikaingia Uganda. Baadaye njia ya kusini kupitia Tanzania na mpaka wa Mutukula ilitoa mbadala.

Jiografia hiyo ina maana kubwa kwa biashara. Kila data inayotoka Kampala kwenda ng'ambo hupita katika ardhi ya jirani kabla ya kufika baharini, na gharama ya safari hiyo huingia katika bei ya kifurushi anachonunua mteja. Hitilafu ya mbali pia huhisika. Tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini karibu na Afrika Kusini, watumiaji wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda walipata intaneti dhaifu kwa siku kadhaa, ingawa hakuna waya uliokatika katika nchi zao.

Pesa ndani ya simu

Mabadiliko yaliyowagusa watu wengi zaidi yalianza na huduma ya kutuma pesa kwa simu. Kenya ilitangulia mwaka 2007 kwa M-Pesa. Nchini Uganda kampuni ya MTN ilianzisha huduma yake mwezi Machi mwaka 2009, na kampuni nyingine zikafuata.

Huduma hiyo katika sura yake ya msingi haihitaji intaneti. Mteja hubonyeza msimbo mfupi katika simu ya kawaida, na ujumbe husafiri kupitia mtandao wa simu. Ndiyo maana ilienea vijijini kabla ya simu janja. Mhimili wake ni wakala, ambaye hushika fedha za aina mbili: noti zilizomo dukani na salio lililomo katika simu. Anayeweka pesa humpa wakala noti na kupokea salio. Anayetoa pesa hufanya kinyume. Wakala akiishiwa moja kati ya hizo mbili, kazi husimama. Kwa hiyo hesabu ya kila asubuhi, yaani kiasi gani cha noti na kiasi gani cha salio, imekuwa ujuzi wa lazima kwa maelfu ya vijana waliofungua vibanda vya uwakala.

Mwaka 2020 Bunge la Uganda lilipitisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, iliyoziweka huduma hizo chini ya usimamizi wa Benki Kuu. Sheria hiyo inataka fedha za wateja zihifadhiwe katika akaunti za amana, mbali na mali ya kampuni, ili kampuni ikifilisika wateja wasipoteze akiba zao.

Mikopo midogo ya simu ilifuata. Huduma ya MoKash iliyozinduliwa mwaka 2016 ilimwezesha mteja kukopa bila kupeleka dhamana wala kujaza fomu, kwa kuwa mkopeshaji hutazama kumbukumbu za matumizi ya simu yake. Kwa mchuuzi wa matunda, mkopo wa siku thelathini unaweza kuokoa mtaji. Lakini ada ndogo kwa mwezi mmoja huwa riba kubwa inapohesabiwa kwa mwaka, na wakopaji wengi huhisi uzito huo wanapoanza kukopa huku ili walipe kule.

Forodha bila makaratasi

Kwa wafanyabiashara wanaoagiza kutoka Guangzhou au Dubai, badiliko kubwa lilitokea bandarini. Kabla ya mwaka 2014 kontena la kwenda Kampala lilipitia taratibu za forodha Mombasa kama mzigo wa kupita, likakaguliwa tena mpakani, kisha likalipiwa ushuru Uganda. Makaratasi yalibebwa mkononi kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Chini ya Himaya Moja ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, tamko la mzigo hufanywa kwa kompyuta na ushuru hulipwa Uganda wakati mzigo ungali Mombasa. Maafisa wa forodha wa Uganda wapo bandarini humo, na taarifa za malori husomwa kwa pamoja na nchi husika. Jumuiya ilieleza kwamba muda wa mzigo kutoka Mombasa hadi Kampala ulipungua kutoka siku zipatazo 18 hadi takriban siku 4.

Kwa mwagizaji mkubwa, kila siku iliyookolewa ni fedha. Kwa mawakala wadogo wa forodha waliokuwa wakiishi kwa kazi ya Malaba na Busia, hali ilikuwa tofauti. Malori yaliposita kulala mpakani, ofisi zao, pamoja na nyumba za wageni na migahawa iliyowahudumia madereva, zilipoteza sehemu ya wateja. Baadhi ya mawakala walihamia Mombasa au Kampala, na wengine walibadili kazi.

Ankara za EFRIS na mgomo wa mwaka 2024

Tangu Januari 2021, Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, imewataka wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani kutumia mfumo wa ankara za kielektroniki uitwao EFRIS. Kiwango cha kodi hiyo ni asilimia 18, na wanaopaswa kujisajili ni wale ambao mauzo yao kwa mwaka yanazidi shilingi milioni 150 za Uganda.

Katika mfumo huo kila ankara hupita kwanza katika kompyuta za URA, ambazo huipa namba ya pekee, kabla ya kukabidhiwa mteja. Muuzaji anaweza kutumia mashine maalumu, programu ya simu, tovuti ya mamlaka, au kuunganisha moja kwa moja mfumo wake wa hesabu. Mfumo hufuatilia pia bidhaa zilizomo ghalani: kinachoingia lazima kilingane na kilichouzwa na kilichobaki.

Hapo ndipo mgogoro ulipozuka. Kodi ya ongezeko la thamani hulipwa juu ya thamani iliyoongezwa. Muuzaji hupunguza kodi aliyokwisha kulipa aliponunua, mradi awe na ankara halali. Lakini wengi wa Kampala hununua kwa wakulima, mafundi na wachuuzi wasiosajiliwa, ambao hawatoi ankara hizo. Bila ankara, manunuzi hayo hayatambuliwi, na kodi humlemea muuzaji wa mwisho. Wafanyabiashara walilalamikia pia ukali wa faini, gharama ya vifaa na wahasibu, na kukatika kwa umeme na mtandao saa za mauzo.

URA kwa upande wake ilisisitiza kwamba mfumo huo hauleti kodi mpya, bali unahakikisha kwamba kodi anayolipa mnunuzi inafika katika hazina ya taifa. Maduka yalipofungwa Aprili 2024, Rais Yoweri Museveni alikutana na viongozi wa wafanyabiashara. Mfumo haukufutwa.

Bodaboda na kazi za mtandaoni

Jina bodaboda lilizaliwa mpakani Busia, ambako waendesha baiskeli walivusha abiria kutoka upande mmoja wa mpaka hadi mwingine. Jijini Kampala kazi hiyo ilijengwa juu ya stegi: kundi la madereva lenye mwenyekiti wake, ada ya kujiunga, zamu, na mfuko wa kusaidiana mmoja anapougua au kufiwa.

Kampuni ya SafeBoda, iliyoanzishwa Kampala mwaka 2014, ilileta mpango mwingine. Dereva hupata mafunzo, hubeba kofia ngumu ya ziada kwa ajili ya abiria, na huitwa kupitia programu ya simu. Uber iliingia Kampala mwaka 2016, nayo Taxify, ambayo sasa huitwa Bolt, ikafuata. Abiria alipata bei inayojulikana mapema na jina la dereva wake. Dereva alipata wateja nje ya stegi yake, lakini sehemu ya nauli huchukuliwa na kampuni, na bei hupangwa mahali asipokuwa na sauti. Akifungiwa na programu, hana mwenyekiti wa kumwendea. Ndiyo maana madereva wengi wamebakia na miguu miwili: programu ikiwa na neema huitumia, isipokuwa nayo hurudi stegi.

Vijana waliosoma wamevutwa na kazi za aina nyingine, kama vile kunukuu sauti, kutambulisha picha zinazofundisha kompyuta, na kuchuja maudhui ya mitandao ya kijamii kwa niaba ya kampuni za mbali. Mjini Nairobi, ambako vijana kutoka Uganda, Ethiopia na Somalia waliajiriwa kwa sababu ya lugha zao, kazi hiyo ilifika mahakamani. Mwezi Mei 2022 mfanyakazi wa zamani, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, aliishitaki kampuni ya Meta pamoja na Sama, kampuni iliyokuwa imemwajiri, akidai madhara ya kisaikolojia yaliyotokana na kutazama picha za ukatili. Mwezi Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushitakiwa nchini humo. Uamuzi huo unawahusu hata wasio Wakenya, kwa kuwa unagusa swali la nani hasa ni mwajiri wa mtu anayeifanyia kazi kampuni iliyoko bara jingine.

Kodi juu ya mitandao

Serikali ya Uganda iliiona intaneti pia kama chanzo cha mapato. Tarehe 1 Julai 2018 ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, pamoja na asilimia 1 ya miamala ya pesa kwa simu. Maandamano yalifuata Kampala, na kodi ya miamala ikapunguzwa hadi asilimia 0.5 ya fedha zinazotolewa.

Kodi ya mitandao ya kijamii haikutimiza matarajio. Watumiaji wengi walipakua programu za VPN ili kuikwepa, na katika mwaka wa kwanza zilikusanywa takriban shilingi bilioni 49.5, wakati lengo lilikuwa bilioni 284. Mwezi Julai 2021 iliondolewa, na mahali pake ikawekwa kodi ya asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Njia hiyo haina mlango wa kukwepea, kwani hukatwa kifurushi kinaponunuliwa. Kwa muuza nguo anayewaonesha wateja bidhaa zake kwa picha na video, hiyo ni sehemu ya gharama za duka, kama ilivyo kodi ya pango.

Siku intaneti inapozimwa

Hatari kubwa zaidi kwa biashara hizi haitoki baharini. Siku ya uchaguzi wa Februari 2016, mitandao ya kijamii na huduma za pesa kwa simu zilisitishwa kwa amri ya serikali. Katika uchaguzi wa Januari 2021, mitandao ya kijamii ilifungwa kwanza, kisha usiku wa kuamkia siku ya kupiga kura intaneti yote ikazimwa kwa takriban siku tano. Facebook iliendelea kufungwa hata baada ya huduma nyingine kurejeshwa, na waliokuwa wamejenga wateja wao humo walilazimika kuanza upya mahali pengine au kuingia kwa VPN.

Serikali ilitaja usalama wa taifa. Kwa mwenye biashara, maana yake ilikuwa nyepesi kueleweka: oda hazikufika, programu za usafiri hazikuweza kupokea abiria, na ankara za kielektroniki, ambazo zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kuwa za lazima mwezi huo huo, hazikuwa na njia ya kuzifikia kompyuta za URA.

Nchi jirani zinaifahamu hali hiyo. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilizima intaneti kwa takriban wiki tatu baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, na Burundi ilifunga mitandao ya kijamii siku ya uchaguzi wa Mei 2020.

Kwa sababu hiyo wafanyabiashara wazoefu wa Kikuubo hawajaiacha kabisa desturi ya zamani. Wana laini za kampuni mbili za simu na namba za wateja wakubwa zilizoandikwa katika daftari. Noti kiasi huwekwa kando kabla ya kila uchaguzi, na dereva wa lori anayefahamika kwa sura hapotezwi, kwani siku mtandao unaponyamaza yeye ndiye anayebeba oda, mzigo na malipo.