Joseph Olita, Mkenya aliyevaa sura ya Idi Amin

Kila ifikapo Januari 25, siku ambayo Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote wa Uganda mwaka 1971, vipande vya video huanza kuzunguka kwenye simu za watu. Wapo wanaoapa kwamba jenerali mnene anayeonekana humo, kifua kimejaa medali, mara anacheka mara anafoka, ni Amin mwenyewe. Mara nyingi huwa ni Joseph Olita, mwigizaji kutoka Siaya, magharibi mwa Kenya.

Olita hakuwa wa kwanza kuigiza nafasi hiyo. Baada ya Waisraeli kuvamia uwanja wa ndege wa Entebbe kuwaokoa mateka Julai 1976, Wamarekani walikimbilia kutengeneza filamu. Yaphet Kotto aliigiza Amin katika mojawapo. Katika nyingine aliteuliwa Godfrey Cambridge, naye akafa kwa mshtuko wa moyo kazi ikiendelea, Novemba mwaka huohuo. Amin, ambaye hakuwahi kukosa la kusema, alidai hiyo ni adhabu ya Mungu. Nafasi ikaenda kwa Julius Harris.

Amin alikimbia Kampala ilipotekwa Aprili 1979 na jeshi la Tanzania likiwa pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni. Sharad Patel, Mkenya mwenye asili ya Kihindi, hakungoja vumbi litulie. Filamu yake, *Rise and Fall of Idi Amin*, ilitoka mwaka 1981, na sehemu kubwa ilipigwa Kenya. Olita ndiye aliyeibeba kuanzia mwanzo hadi mwisho: mapinduzi, kufukuzwa kwa Wahindi mwaka 1972, Entebbe, mauaji, na hatimaye kukimbia.

Tuseme kweli, si filamu ya heshima. Inapenda damu kupita kiasi, na zile habari za vichwa vya watu ndani ya friji na za kula nyama ya binadamu, ambazo hazikuwahi kuthibitishwa, imezipokea bila kuuliza. Lakini mtazame Olita. Mwili mkubwa unaingia chumbani kabla ya neno lolote, kicheko kinaanzia tumboni, halafu macho yanabadilika ghafla na waliokuwa wakicheka naye wanabaki midomo wazi. Hata wakosoaji walioidharau filamu yenyewe walikiri kwamba kufanana huku kulitisha.

Kuna jambo moja katika filamu hiyo ambalo peke yake lingetosha kuiandikia makala. Kati ya waigizaji yumo Denis Hills, Mwingereza aliyekuwa mwalimu Kampala, naye anajiigiza mwenyewe. Mwaka 1975 serikali ilipata mswada wa kitabu chake, *The White Pumpkin*, na humo alikuwa amemwita Amin dikteta wa kijijini. Alikamatwa, mahakama ya kijeshi ikamhukumu kupigwa risasi kwa kosa la uhaini. Malkia Elizabeth aliandika barua ya kumwombea. Aliyeipeleka ni Jenerali Chandos Blair, akiandamana na Meja Iain Grahame, na wote wawili walikuwa wakubwa wa Amin enzi za KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza.

Amin aliwapokea ndani ya kibanda cha nyasi chenye mlango mfupi, hivi kwamba maofisa hao wa Malkia walilazimika kuinama ili waingie. Kwa sajini wa zamani aliyewahi kuwapigia saluti, hiyo ilikuwa starehe ya aina yake. Hata hivyo Hills hakuachiwa siku hiyo. Ilibidi James Callaghan, waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, apande ndege mwenyewe hadi Kampala mwezi Julai ndipo akaondoka naye.

Sasa fikiria mzee huyo, miaka michache baadaye, amesimama mbele ya kamera Kenya, na anayemtisha kwa kifo ni Mkenya aliyevaa magwanda ya Amin. Hills alikuwa amemwona Amin halisi, naye alikubali kurudia kisa kile mbele ya Olita. Sijui sifa gani kubwa kuliko hiyo mwigizaji anaweza kupewa.

Miaka kumi baadaye Mira Nair alimwita Olita kwenye *Mississippi Masala*, filamu ya Denzel Washington na Sarita Choudhury inayoanzia Uganda wakati Amin alipowapa Wahindi siku 90 wawe wameondoka. Alionekana kwa muda mfupi tu, tena akiwa Amin.

Mwaka 2007 Forest Whitaker alipata Oscar kwa kuigiza Amin katika *The Last King of Scotland*. Alistahili, tena alijifunza Kiswahili kwa ajili ya kazi hiyo. Lakini Whitaker alicheza Amin wa riwaya, miaka michache baada ya mwenyewe kuzikwa Saudi Arabia. Olita alimcheza Amin akiwa bado hai, majeraha mabichi, na Waganda waliomkimbia wakingali wamejaa Nairobi. Kenya ilipaswa kulisema hilo kwa sauti wakati dunia inampigia Mmarekani makofi.

Olita alifariki Juni 2014 akiwa na umri wa karibu miaka 70. Mara zote mbili waliomkabidhi magwanda ya Amin, Patel na Nair, walikuwa wa asili ya Kihindi, jamii ileile ambayo Amin aliifukuza.