Mawakili Wawili na Karatasi za Ardhi

Wazee wetu hutuambia, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Sisi wakulima hudhani ya kwamba methali hii ni ya wenye maduka tu. Lakini tukiitazama historia ya nchi yetu twaona ya kuwa shamba nalo ni mali, na daftari lake ni hati na ramani. Basi leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari za mawakili wawili waliofika katika nchi hii zamani. Wa kwanza alileta karatasi, akaondoka na nchi. Wa pili alizikusanya karatasi ili watu warudishiwe nchi yao.

Wakili wa kwanza alikuwa Karl Jühlke, Mdachi aliyesomea sheria. Mwezi wa Novemba 1884 alivuka kutoka Unguja pamoja na Carl Peters na Joachim von Pfeil, wakashika njia ya Usagara. Hawakuwa na jeshi. Walikuwa na zawadi kidogo, bendera, na karatasi zilizoandikwa kwa Kidachi. Kila walipofika kwa jumbe walifanya urafiki naye, wakampa zawadi, kisha wakamtaka atie alama yake chini ya maandishi. Hivyo ndivyo alivyofanya Mangungo wa Msovero tarehe 29 Novemba 1884. Maandishi yale yalisema ya kwamba ametoa nchi yake yote, pamoja na haki zake zote, kwa chama cha Wadachi hata milele. Mzee yule hakujua kusoma. Na kwa desturi ya watu wake, ni nani awezaye kumpa mgeni makaburi ya babu zake?

Karatasi hizo zilipelekwa Berlin. Tarehe 27 Februari 1885 Kaisari Wilhelm wa Kwanza aliitia mkono barua ya kuziweka nchi hizo chini ya ulinzi wake, yaani Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Katika mwezi wa Juni mwaka uo huo Jühlke alikwenda Kilimanjaro, akaandikiana mkataba na Mangi Rindi wa Moshi. Mwaka 1886 aliuawa Kismayu, lakini karatasi zake hazikufa naye.

Hapo msomaji wa Mjimwema atauliza, "Mambo ya Usagara yatuhusu nini sisi watu wa Songea?" Twamjibu ya kwamba yatuhusu sana. Ungoni haikutajwa katika barua ile, wala Nkosi wetu hakuulizwa neno. Lakini mlango ulikuwa umekwisha funguliwa, na mwaka 1897 Wadachi walijenga boma lao hapa Songea. Mwaka 1905 vita vya Majimaji vikawaka. Na tarehe 27 Februari 1906 Nkosi Mputa Gama na wakuu wengi wa Wangoni walinyongwa mjini Songea. Songea Mbano naye hakuachwa, alinyongwa siku chache baadaye. Hesabuni wenyewe: ilikuwa miaka 21 kamili tangu Kaisari alipoitia mkono ile barua. Hatusemi ya kwamba siku hiyo ilichaguliwa makusudi. Lakini kila mwaka tunapokusanyika kuwakumbuka wazee wetu siku hiyo, yafaa tuikumbuka na ile karatasi.

Sasa natuje kwa wakili wa pili. Jina lake ni Earle Seaton, mtu mweusi, mzaliwa wa kisiwa cha Bermuda, aliyefanya kazi ya uwakili mjini Moshi. Siku zile Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini mikononi mwa Waingereza. Jirani ya Moshi, katika mlima Meru, mashamba mengi yalikuwa yamekatwa na kupewa walowezi tangu wakati wa Wadachi. Wapima walipokwisha kuchora ramani, kila shamba lilipewa namba yake. Mahali paitwapo Engare Nanyuki, Wameru walikaa katika mashamba namba 31 na 328. Walikuwa na nyumba, ng'ombe, na kanisa lao.

Mwaka 1946 Jaji Mark Wilson aliwekwa kuchunguza mambo ya ardhi ya Arusha na Moshi. Shauri lake lilikuwa Wameru waondolewe Engare Nanyuki, ili nchi ya walowezi iwe kipande kimoja kisichokatika. Mwezi wa Novemba 1951 askari wakaja. Watu wapata 3,000 walihamishwa, nyumba zao zikateketezwa, na ng'ombe wao wakaswagwa kwenda Kingori, katika nchi ya joto yenye magonjwa ya mifugo.

Wameru hawakushika mikuki. Walichanga fedha, wakaandika madai yao, nao Seaton akayapanga kwa njia ya sheria. Mwaka 1952 Seaton na Kirilo Japhet, mwana wa Meru, walifika New York na kusema mbele ya Umoja wa Mataifa. Halmashauri moja ilikubali ya kwamba Wameru warudishiwe ardhi yao. Lakini katika Mkutano Mkuu kura hazikufika theluthi mbili, na shauri likaanguka. Hata hivyo habari hiyo ilienea Tanganyika nzima, na watu wakajifunza ya kwamba mkulima aweza kusema mbele ya mataifa. Miaka miwili baadaye, tarehe 7 Julai 1954, TANU ikazaliwa. Mwaka 1967 Kirilo na Seaton walitoa kitabu juu ya kesi ile, na kwa hiyo twaweza kuisoma hata leo.

Twajifunza nini? Karatasi peke yake si nzuri wala si mbaya. Yategemea ni nani aisomaye na ni nani aitunzaye. Mangungo aliweka alama chini ya maneno asiyoyajua. Kirilo aliyajua maneno yake, akayapeleka mwenyewe ng'ambo ya bahari.

Nabii Yeremia aliponunua shamba la Anathothi, mji ulikuwa umezungukwa na adui. Hata hivyo aliandika hati mbele ya mashahidi, akaagiza itiwe katika chombo cha udongo ipate kukaa siku nyingi. Nasi tufanye vivyo hivyo. Mpima akija kuweka mawe ya mipaka, mwenye shamba afuatane naye pamoja na jirani zake na wanawe. Asitie sahihi wala dole gumba mpaka amesomewa kila neno kwa lugha aijuayo. Na hati ikae ndani ya sanduku mahali pakavu, mke na watoto wakijua ilipo. Kwa maana mzee akifa na siri ya sanduku lake, shamba huwa limekwisha anza kupotea.