Wapiga kura watatu na siri iliyovuja

Chukua wapiga kura watatu tu: Asha, Baraka na Musa. Wanachagua kati ya wagombea wawili, kwa kompyuta. Kila kura hufungwa kwa hesabu za siri kabla ya kutumwa, kisha zote hubandikwa hadharani zikiwa bado zimefungwa, kila mtu azione. Musa hawezi kuifungua kura ya Asha, wala hana haja. Anainakili ilivyo na kuituma kama yake. Matokeo yakitangazwa, aliyepata kura mbili au zaidi ndiye chaguo la Asha. Siri imetoka na hakuna kufuli lililovunjwa.

Udhaifu wa namna hii ulifichuliwa mwaka 2011 na Véronique Cortier na Ben Smyth, na mfumo waliouchunguza haukuwa wa kubahatisha. Ulikuwa Helios, kazi ya Ben Adida ya mwaka 2008. Mwaka 2009 ulitumika kumchagua mkuu wa Chuo Kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji, na muda si mrefu IACR, jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa kriptografia, ikaanza kuutumia kwa chaguzi zake yenyewe. Usimbaji wake ulikuwa imara. Ila hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba mfumo mzima unatunza siri, na kufuli zuri kwenye mlango halisemi lolote kuhusu dirisha.

Wazo lenyewe la kura ya siri kwa kompyuta lilikuwa na umri wa miaka 30 hivi. Mwaka 1981 Mmarekani David Chaum alieleza jinsi ujumbe uliofungwa tabaka juu ya tabaka unavyoweza kupitishwa kwenye mashine kadhaa, kila moja ikivua tabaka moja na kuchanganya mpangilio, hadi mtu asijue upi umetoka kwa nani. Mwaka 1985 Josh Cohen, ambaye leo anaitwa Josh Benaloh, na Michael Fischer wakaja na njia nyingine: kura zijumlishwe zikiwa zimefungwa, na kinachofunguliwa kiwe jumla peke yake. Katika mpango huo msimamizi bado aliweza kuziona kura. Mwaka uliofuata Benaloh na Moti Yung wakaligawa jukumu hilo kwa wasimamizi kadhaa, asiwepo mmoja anayeweza kuchungulia akiwa peke yake.

Lakini kura iliyofungwa inaleta shaka yake. Nitajuaje kwamba ndani umeweka 1 na si 100? Hapo ndipo unapohitajika uthibitisho usiofichua siri, uvumbuzi wa Shafi Goldwasser, Silvio Micali na Charles Rackoff wa mwaka 1985. Mwenye dai hutoa neno la kwanza asiloweza kulirudisha. Mkaguzi humrushia swali la ghafla, naye hujibu. Anayesema kweli atajibu swali lolote, mwongo atakwama. Shida ni kwamba mkaguzi hawezi kuketi na kila mpiga kura kati ya maelfu. Mwaka 1986 Amos Fiat na Adi Shamir wakamwondoa mkaguzi: swali litokane na hesabu inayosaga maandishi ya mwenye dai kuwa namba isiyotabirika.

Maandishi yapi, lakini? Naomba msomaji atulie hapa kidogo, kwa kuwa chaguzi halisi zimejikwaa papo hapo. Ukisaga lile neno la kwanza tu, ukaliacha dai lenyewe nje, mdanganyifu anaweza kuliona swali kwanza, kisha akatengeneza dai litakaloafikiana na jibu alilo nalo. Ni mtahiniwa aliyeandika jibu analolijua, halafu akaachiwa atunge swali la kulifaa. Mwaka 2012 David Bernhard, Olivier Pereira na Bogdan Warinschi walionyesha kwamba Helios ilikuwa na kasoro hiyohiyo. Wasimamizi waliokula njama wangeweza kugeuza matokeo, na ukaguzi usione kitu.

Ungetarajia kosa lililochapishwa waziwazi lisirudi tena. Lilirudi Uswisi. Nchi hiyo huita wananchi wake kupiga kura mara kadhaa kwa mwaka, na ilianza majaribio ya kura za intaneti mapema: Januari 2003, katika mji mdogo wa Anières, Geneva. Sheria zake zilidai uthibitisho wa kihesabu. Mwaka 2019 shirika la posta la nchi hiyo lilifungua msimbo wa mfumo wake, uliojengwa na kampuni ya Scytl ya Uhispania. Mwezi Machi, Sarah Jamie Lewis, Olivier Pereira na Vanessa Teague wakaonyesha kwamba uthibitisho wa uchanganyaji wa kura ungeweza kughushiwa na yule aliyetengeneza namba zake za msingi. Hesabu ya asili ilikuwa sahihi kabisa, lakini ilichukulia kwamba hakuna mtu anayejua uhusiano uliofichika kati ya namba hizo, na msimbo haukuhakikisha hivyo. Kabla mwezi haujaisha wakatoa la pili: kwenye ufunguaji wa kura, dai lilikuwa limeachwa nje ya usagaji. Kosa lile la mwaka 2012.

Siku hizohizo jimbo la New South Wales nchini Australia lilikuwa likipokea kura kwa iVote, mfumo wa kampuni hiyohiyo, na tume yake ya uchaguzi ilikiri kwamba kasoro ya kwanza imo. Linaniuma hilo. Watu walikuwa tayari wamekabidhi kura zao.

Uswisi iliusimamisha mfumo. Ulipojengwa mwingine, maelezo na uthibitisho wake viliwekwa hadharani, na wanaogundua dosari huzawadiwa. Juni 2023 wapiga kura wa majimbo ya Basel-Stadt, St. Gallen na Thurgau wakaanza kuutumia. Watafiti nao hawakuwa wameketi. Mwaka 2015 walipitia fasili za siri ya kura zilizokuwapo, wakakuta kadhaa zina mapengo, wakapendekeza mpya. Mwaka 2017 Cortier na wenzake wakaandika uthibitisho wa siri katika Helios kwa lugha ambayo kompyuta inaikagua mstari kwa mstari.

Mwishoni mwa 2025 IACR ilifanya uchaguzi wake kwa Helios, kama ilivyozoea. Ufunguo uligawanywa kwa wasimamizi watatu na wote walihitajika, ili wawili wakila njama wasiweze kuzifungua kura. Mmoja akapoteza sehemu yake. Hapakuwa na njia ya kuyafungua matokeo, na uchaguzi ukarudiwa. Jumuiya ikaamua kwamba kuanzia sasa wasimamizi wawili kati ya watatu watatosha. Uchaguzi hautakwama tena kwa ufunguo mmoja kupotea, na wawili wakikubaliana, kura ya kila mmoja iko mikononi mwao.